Nyekundu ya Bahari

Kitengela, 8 Juni 2025

Mjukuu wangu Naserian,

Supa. Ni mimi babu yako Saruni. Niko na miaka themanini na mbili. Nimeshinda ukame mbaya, simba moja, na daktari mwenye alisema sitafika Krismasi. Yeye ndiye alikufa. Uko mzima? Mimi niko mzima, magoti tu ndiyo inabishana.

Mama yako anasema huko Ugiriki umeanza kuogelea kwa bahari karibu na hoteli unafanya kazi. Mimi sijui kuogelea, lakini nilivuka mto ya hapa ikiwa imejaa, nimeshika mkia ya ng'ombe yangu ndume, Ng'iro. Haikupigana na maji. Ilienda nayo upande upande mpaka ng'ambo. Usiogope. Mahali utaona kitambaa nyekundu, hapo ni pako. Hiyo ni rangi ya kwetu Wamaasai, hata simba inaitoroka.

Eunice wa duka anapiga hii barua picha akutumie.

Babu yako

Kitengela, 20 Julai

Naserian,

Supa. Hujajibu. Sijali. Lakini Eunice amechoka na mimi kumuuliza kama simu yake inafanya kazi. Na mama yako amenyamaza, hiyo si kawaida yake. Andika hata jina tu.

Babu yako

Krete, Ugiriki, 29 Julai

Babu yangu,

Nakuinamishia kichwa kwa salamu kutoka huku, kiguse. Magoti yanaendeleaje?

Nisamehe. Nilikuwa hospitalini, nilimeza bahari nyingi. Nimepona, nimerudi kazini. Mama nilimwomba asikwambie.

Siku yangu ya mapumziko nilienda ufuoni peke yangu. Nikaona kitambaa chekundu kinapepea, nikakukumbuka, moyo ukaruka, nikaingia pale pale. Babu, huku nyekundu inasema usiingie! Kijani ndiyo salama. Mkondo ukanivuta ndani. Nikapigana nao kurudi hadi nguvu zikaisha. Ndipo nikamkumbuka Ng'iro. Nikalala chali, nikainua mkono, nikaacha maji yanibebe, halafu nikaenda upande upande, kufuata ufuo. Mwokoaji akanifikia na ubao wake. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia, ng'ombe.

Sasa siingii peke yangu, wala mahali hakuna mwokoaji. Lakini mvua ya Novemba inakuja, na wewe mnada wa mifugo wa Bisil, ng'ambo ya mto, hukosi. Ng'iro alishakufa, Babu. Mto ukijaa, usivuke. Niahidi.

Mjukuu wako, Naserian

Kitengela, 16 Novemba

Naserian,

Supa. Kichwa nimegusa. Kuahidi sijaahidi, na nyekundu haina makosa. Ni hiyo bahari haijui Kimaasai.

Jana nilikuwa naenda mnada. Mto imepanda juu ya daraja. Jirani yetu Leshan akanichokoza, "Mzee, si wewe huvuka na mkia?" Nikatoa shuka yangu nyekundu, nikafunga kwa fito, nikasimamisha hapo kwa maji. Akacheka. "Unaanika nguo kwa mvua?"

"Hii ni bendera. Inasema usiingie."

Dereva Mbuvi akakuja na lori ya nyasi, akapiga honi, akaniita mzee mwenda wazimu. Lakini alisimama. Tukiwa bado tunatukanana, maji ikabeba daraja yote.

Ukifikiri najisifu, uliza Leshan, hacheki tena. Uliza Mbuvi. Ama uliza Eunice mwenye anapiga hii picha. Ananiona na shati tu, natetemeka, ananipikia chai, maana shuka bado iko mtoni, inafanya kazi.

Babu yako