Beseni la Simu Mlangoni

Jumatano. Hapa Ukunda mvua inanyesha na kukatika tangu asubuhi, na nimefunga studio kabla ya alasiri. Wateja nimewaambia umeme umepotea. Umeme upo.

Nimesalitiwa. Naliandika neno hili mapema, nisije nikalipamba.

Anayenisoma tangu zamani anaijua kazi yangu: napiga picha za harusi upande wa wanawake. Siku ya kumpamba bibi harusi, akina mama huvua mabuibui, hufungua nywele, wakacheza ngoma ya chakacha mpaka jasho liwatoke, kwa kuwa hakuna mwanamume anayekaribia. Mlangoni huwekwa beseni, na kila anayeingia hutia simu yake humo. Kamera yangu peke yake ndiyo hupita. Hiyo ni amana, na ndiyo iliyonilisha miaka sita.

Zamani picha zote nilikuwa naziweka kwenye kompyuta ya studio, basi. Mwaka jana ikafa kwa unyevu na chumvi ya huku kwetu, na harusi nzima ya Waa ikapotea. Nililia kama niliyefiwa. Hatibu, mwenzangu wa studio, aliyenifundisha hata kuishika kamera, akasema dawa ipo. Akanitengenezea folda: chochote nitakachokiweka humo kitajinakili chenyewe mtandaoni, na hata kompyuta ikifa tena, picha zitabaki.

Nilimwuliza swali moja tu. Nani mwingine ataziona?

"Wewe na Mola wako," alisema.

Nikaridhika. Sikuuliza akaunti imefunguliwa kwa jina la nani. Huo ndio ujinga wangu, na sitausingizia mtandao.

Jana akaja shangazi wa Rukia; Rukia ndiye bibi harusi wangu wa Tiwi wa mwezi uliopita. Shangazi alitaka picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa chumba cha ndani napanga taa, yeye akangoja mbele, penye televisheni ya ukutani inayoonyesha kazi zetu. Hatibu ndiye anayeichagulia picha.

Nikasikia, "Zuhura, hebu njoo."

Nilitoka. Rukia alikuwa ukutani, kichwa wazi, mabega wazi, hina mpaka viwikoni, anacheka. Kwenye benchi wanaume wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walikuwa wakimtazama. Nikachomoa waya. Shangazi aliuchukua mkoba wake. Aliondoka bila kupigwa picha yake.

Hatibu alisema ni hitilafu, mafaili yamechanganyika. Nusura nimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Kisha mdomo ukamponza mwenyewe: "Lakini Zuhura, picha nzuri namna ile utazificha mpaka lini? Watu watajuaje kazi yetu?"

Nikaifungua ile akaunti na kutazama vifaa vilivyounganishwa nayo. Kompyuta ya studio, na simu ya Hatibu. Tangu siku ya kwanza. Harusi sita. Kila nilipoketi kuhamisha picha, nikijiona mwangalifu, zilikuwa zikimfikia mfukoni hata sijavua viatu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hii maisha yangu yote, ila sikuwahi kuitafutia nguo.

Hasira ilitaka nifute kila kitu palepale. Kidole kilishafika. Nikakumbuka kwamba folda ile ikifutwa huku hufutika na kule, na Rukia hajapata albamu yake. Basi nikazinakili kwanza kwenye flashi, kila harusi na yake, nikafuta, nikamwaga mpaka pipa la taka la mtandaoni, kisha nikaitoa simu ya Hatibu kwenye akaunti. Anaapa kwamba hakujiwekea nyingine kando. Kiapo hicho nimekiweka pamoja na lile neno lake la "wewe na Mola wako".

Leo asubuhi nikaenda Tiwi, kwa Bi Mwanakombo, mamake Rukia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta uani anamenya mihogo, anaitia ndani ya beseni. Beseni lilelile la buluu lililokaa mlangoni siku ya kupamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi alikuwa ameshamweleza. Hata hivyo nilisema yote tangu mwanzo. Sikuanza na Hatibu, nilianza na mimi. Alinisikiliza bila kuacha kumenya.

"Simu ya mamangu mzazi niliitia humu kwa mkono wangu," alisema. "Ajuza, hata kupiga picha hajui. Akanuna, nikamwambia sheria ni sheria. Wewe ndiye tuliyekuacha upite."

Nilimpa flashi ya Rukia, nikamwambia picha hizi ndizo zilizobaki, sina nyingine. Aliifunga kwenye pindo la leso yake. Rukia hajui bado, wala mumewe. Akasema atamwambia yeye mwenyewe, na nisithubutu kumtangulia. Macho yake yalikuwa mekundu, na mihogo si vitunguu.

Nilipoinuka akaniuliza, "Na hao wenzangu umewaendea?"

Nilikuwa sijawafikiria. Ukweli ndio huo, nauandika japo unanichoma. Tangu jana nalia usaliti wa Hatibu, na kuna akina mama watano wanaolala na amani ya uongo kwa sababu yangu. Nisingeulizwa, ningewanyamazia. Kama Hatibu alivyoninyamazia mimi.

Sasa flashi tano ziko hapa mezani, nimezibandika majina. Ushirika wa studio na Hatibu nimeuvunja, kamera ni yangu, mengine achukue. Sijui kama kuna mlango utakaonifungukia tena na kamera hiyo.

Kesho naanza na mama wa Msambweni, kisha nirudi hivi taratibu, nyumba kwa nyumba. Kwa mama wa Waa tu sitakwenda. Harusi yake niliyoililia mwaka mzima, kwa kupotea kabla ya folda, ndiyo iliyositirika.