Papa Wako Ana Ndevu

Chole, Kisarawe,
9 Septemba, 1952.

Mpendwa mdogo wangu Mwinjuma,

Salamu nyingi zikufikie huko Unguja, wewe na mkeo Tatu. Je, kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo, ila macho ya mama yamezidi kufifia. Sasa hututambua kwa sauti na kwa kutushika. Mihogo imestawi, ijapokuwa nguruwe wamekula ya bondeni.

Nije kwenye neno lililonishikisha kalamu baada ya miaka miwili.

Utakumbuka Idd ile uliyomletea mama papa mkavu, amefungwa ndani ya mkeka. Kabla hujaufungua ulituambia, mbele ya wakwe zangu wa Maneromango, kwamba ana pua ya msumeno, tena ana ndevu, na kwamba hakai pwani. Mimi niliyeishi Rufiji miaka minne na kuwaona papa upanga, wenye pua kama hiyo lakini bila ndevu, kwenye midomo ya mto, nilikukatiza. Nilisema usituletee uongo. Watu wakacheka, mkwe wangu Saburi akauliza papa huyo hunyolewa na kinyozi gani. Nikaamuru mkeka utiwe darini, usifunguliwe. Kesho yake uliondoka, na hujarudi tena.

Juma lililopita tuliezua paa la mama. Shemeji yako Swaumu aliushusha mkeka, akaufungua bila kuniuliza. Nilikaa na papa wako uani mchana kutwa. Urefu wake haupiti mkono wangu. Katikati ya pua, kila upande, umening'inia uzi mmoja wa nyama: ndizo ndevu. Meno ya msumeno hayalingani. Baada ya refu huja mafupi, kisha refu tena. Matundu ya kupumulia yako ubavuni mwa shingo, sita kila upande. Niliyahesabu mara tatu. Ya papa upanga yako chini ya mwili, nayo ni matano.

Nilimwendea Mbaraka, muuza ng'onda, yaani samaki wakavu, aliyewahi kuvua huko kwenu. Alinieleza kwamba huyo ni papa mwingine kabisa. Hukaa kilindini, mbali na pwani, na wavuvi wa mshipi mrefu humpata kwa nadra. Ndiyo maneno uliyotaka kuniambia.

Mama aliomba apewe. Alizigusa ndevu zile kwa ncha za vidole, akasema: "Mwanangu alisema kweli, nawe ukamfukuza. Mwandikie hapa hapa nilipo, niisikie kalamu."

Basi naandika kando ya kitanda chake, naye huuliza kila mara nimefika wapi.

Ijumaa niliwaita wakwe wale wale, nikawaambia kwamba mkosa ni mimi. Saburi alizishika ndevu, akasema kinyozi sasa aitwe kwa ajili yangu. Nilistahili.

Njoo, Mwinjuma. Mama anakungoja, na sijui atangoja hadi lini. Papa wako nimemtundika juu ya mlango wa chumba ulichozaliwa.

Swaumu anakusalimu, na binti yetu Sikudhani anawapa shikamoo wewe na Tatu. Mwenyezi Mungu awalinde na kuwafikisha kwetu salama.

Limebaki neno moja. Asubuhi ile ulipoondoka ulisimama mlangoni ukanipa shikamoo, nami sikuitika. Nimechelewa mno, lakini ipokee: marahaba, mdogo wangu.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Mwinyimadi bin Salehe