Mdudu wa Pango Letu

Michenzani, 5 Mei 2025

Shangazi Mwanaasha,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu na mwani unakauka vizuri. Sisi wazima, ila joto la ghorofani linatuchemsha.

Nina habari. Yule mbawakawa niliyemtoa pangoni kwa idhini yako, mwekundu, hana macho, hajulikani popote duniani! Nimemlinganisha na kila mwenzake aliyewahi kuandikwa. Maelezo yake nayaandika mimi, na yatakuwa ya kwanza kubeba jina langu.

Lakini mkuu wangu kazini, Dokta Mmanga, ana masharti mawili. Mdudu aitwe jina la yule bwana anayejenga hoteli karibu nanyi, kwa kuwa ameahidi kutununulia hadubini. Na niandike pango lilipo hasa, na linavyoitwa. Najua jina la pango hatumtajii mgeni. Nifanye nini?

Mwanao,
Khairat

Makunduchi, 14 Mei 2025

Mwanangu Khairat,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ndiyo hayo hayo, hayasikii dawa wala dua. Simu zako niliziona, sikupokea. Mambo ya pango hayasemwi simuni.

Unaniuliza ufanye nini? Wewe ulipoingia ulivua viatu, ukachoma ubani, ukasema ni binti wa nani. Huyo bwana alikuja na wapimaji, wanataka kulipasua pango juu watie ngazi na taa, wageni waoge maji yaliyomo. Niliwafukuza. Mimi ndiye mvyale, mlinzi wa pango; asiyeniomba haingii. Leo mdudu wetu aitwe yeye? Kwani kamzaa?

Ukiandika jina la pango utakuwa umemchorea njia. Nakupenda, Khairat, lakini ukifanya hivyo usije tena kwangu.

Shangazi yako

Michenzani, 10 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sikukuu ilikwendaje? Mimi hata pilau haikunishuka.

Nilimwambia Dokta Mmanga: "Jina hilo siandiki, na pango silitaji."

Akanicheka. "Mtoto wa juzi unanifunza kazi?"

Nikamwambia mahali palipo hatarini huruhusiwa kuandikwa "kusini mwa Unguja", basi. Kanifukuza kazi mbele ya wenzangu. Nimelia, sikufichi, lakini kwa hasira; majuto sina. Michoro ni yangu na nimeichukua. Mdudu mwenyewe nshamkabidhi kituo cha utafiti Kizimbani, ili asije akafungiwa kabatini kwa mtu.

Jihadhari. Mdudu tuliyenaye ni jike, na Dokta Mmanga anataka kupata dume ili aandike maelezo yake mwenyewe. Anakuja huko Jumamosi.

Mwanao,
Khairat

Makunduchi, 16 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kula, usijikondeshe kwa ajili ya watu wale.

Walikuja, Dokta wako na bwana wa hoteli, gari moja. Walitukuta mlangoni mwa pango tumekaa, mimi na jirani yangu Nassra na wenzetu wote wa mwani. Nikamwambia Dokta avue viatu aseme ni nani na anataka nini.

"Bi mkubwa, mimi ni msomi," akasema.

"Naam. Basi soma miguu mitupu."

Kwa ghadhabu akampigia simu sheha, mkuu wa mtaa wetu, aje atuondoe. Sheha akaja, akavua viatu vyake, akakaa nasi. Gari likageuza.

Sasa nisikilize. Mimi kushuka siwezi tena. Nimekaa na wazee wa ukoo na tumekubaliana: mvyale ni wewe. Atakayetaka kuingia atakuomba wewe. Kazi wamekunyang'anya, hili hawaliwezi. Njoo.

Shangazi yako

Michenzani, 20 Januari 2026

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, na samaki uliyenifungia nshamla wote peke yangu, nisamehe.

Maelezo yametoka! Wahariri wa jarida waliniuliza mara tatu mahali hasa, na mara tatu niliwajibu: kusini mwa Unguja. Dume niliyempata nilipoingia mwaka jana, uliponiita, yumo, na mdudu nimempa jina la bibi yetu Kazija, aliyelilinda pango kabla yako. Nimelitazama jina langu chini yake mpaka macho yakaniuma.

Leo Dokta Mmanga amenipigia, sauti laini kama ya posa. Anaomba idhini ya kuingia pangoni.

Nimemwambia hapana.

Mwanao,
Khairat, mvyale