Bomba la Ukuta wa Kusini

Jumapili, Julai 2016. La Rochelle, Johannesburg.

Leo kuna jua kali na baridi kali kwa pamoja, jambo ambalo mpaka sasa sijalizoea. Ukikaa juani unavua koti, ukiingia kivulini unalitafuta tena. Nimekaa kwenye ngazi ya chumba chetu, chai pembeni, simu mkononi, na nina habari za bomba la maji. Anayetaka habari za mapenzi aende blogu nyingine. Ingawa, sijui, labda na humu yamo.

Kwa asiyetujua: mimi, mume wangu na mtoto wetu Salma tunapanga chumba cha uani kwa Mama Nsimire, mjane wa Kikongo, mtu wa Bukavu. Nyumba hii marehemu mumewe, Papa Nsimire, aliinunua kwa mzee wa Kireno aliyekuwa na mizabibu na kisima cha kuimwagilia. Mizabibu imekauka, kisima kipo. Pampu ya umeme imezama chini kabisa humo ndani. Bomba jeusi la plastiki linatoka kisimani, linapita kwenye shimo dogo mdomoni mwa kisima, lenye mfuniko wa zege, kisha linapanda ukutani, nje ya chumba anacholala Mama Nsimire, mpaka kwenye tangi la kijani lililo juu ya mnara wa chuma. Kila magharibi pampu inawashwa, tangi linajaa, pampu inazimwa. Wapangaji wa uani tunaishi kwa tangi hilo.

Huu ni msimu wetu wa kwanza wa baridi hapa. Zamani tulikuwa kwenye ghorofa kule Doornfontein, mabomba yote yamefichwa ukutani, na sikuwahi kujiuliza maji yanatoka wapi wala yanalalaje.

Jumatano jioni umeme ulikatika, tangi halikujazwa. Alhamisi alfajiri nikatoka kuchota maji ya udhu, nikakuta uani kweupe. Majani yote yamepata weupe wa chumvi. Nasikia kwa Kiswahili inaitwa sakitu. Sisi Tanga hatukuwahi kuwa na haja ya neno hilo. Nilisimama na kopo langu nikiishangaa mpaka vidole vikafa ganzi.

Tangi tupu. Mama Nsimire akawasha pampu. Ikanguruma chini huko, ikanguruma, tone halikupanda. Akaizima haraka akiogopa isiungue. Alasiri alipojaribu tena, maji yakapanda kama kawaida. Ijumaa asubuhi akaiwasha kuipima tu, vile mtu anavyomshika mgonjwa paji la uso. Ikanguruma bure tena.

Basi akampigia simu fundi mmoja wa mabomba. Fundi akasema, bila hata kuiona, kwamba pampu imechoka, Jumatatu atakuja kuing'oa aweke mpya.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, sijui lolote la pampu. Lakini nina ugonjwa wa kuuliza. Pampu gani inayochoka asubuhi na kupona mchana?

Nilikuwa nimeanza na ukuta tangu Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimeshaona kwamba huku, msimu wa baridi, jua linapita upande wa kaskazini siku nzima. Bomba letu limepandia ukuta wa kusini, haligusi jua hata kidogo. Nikaligonga kwa kijiko. Juu kabisa likalia kama gogo. Pampu ni nzima, nikajiambia, ni maji yaliyolala ndani ya bomba ndiyo yameganda, nayo pampu inasukuma ukuta wa barafu.

Nikajiona nina akili sana. Alhamisi hiyo jioni nikaleta kutoka kiwandani vipande vya kitambaa kizito vya mapazia, nikalizungushia bomba lote nililolifikia, nikalifunga kwa kamba, likapendeza kabisa. Ijumaa asubuhi likawa limeganda ndani ya nguo zake.

Hili lilinisumbua kazini mchana kutwa. Mbona mimi nikijifunika blanketi napata joto? Nilikuwa napitisha pindo kwenye cherehani nikagundua kwamba joto ni langu mwenyewe, blanketi linalizuia tu lisitoke. Bomba halina joto lake. Unaweza kulivisha makoti yote ya Johannesburg, likishapoa usiku mzima limepoa.

Jioni nikamuuliza Mama Nsimire alikuwa anafanyaje miaka mingine.

"Hapana, Mama Salma," akasema. "Ile pompe haikukatalaka hata siku moja. Hata miaka ya baridi mubaya. Papa Nsimire njo alikuwa anaijua."

Akafunga mlango, akawasha redio yake kwa sauti kubwa. Tangu mwezi wa tano amekuwa na tabia hiyo, ikifika magharibi redio inapiga kelele nyumba nzima. Nilidhani ni upweke wa ujane, umempata kwa kuchelewa.

Lakini jibu lake lilinikaa kichwani. Hata siku moja. Kwa hiyo bomba ni lile lile, ukuta ni ule ule, baridi ni ile ile. Ni nini kilichobadilika mwaka huu?

Nilijua ni nini. Nilijua kabla hata sijamaliza kujiuliza.

Mwezi wa tano Baba Salma alifunua lile shimo lenye mfuniko. Mume wangu alikuwa ametoka kupoteza kazi ya ulinzi, kampuni haikumwongezea mkataba, anashinda nyumbani anahesabu nyufa za dari. Akaona bomba lina kitundu. Pampu ikiwashwa, kitundu kinarusha maji membamba yanayorudi kisimani. Redio inatuimbia kila saa kuhusu ukame na kubana matumizi ya maji, na hapa kuna bomba linavuja! Akakata mpira wa tairi, akaukaza kwa waya, kimya. Mama Nsimire akamsifu mpaka kanisani kwake. Wakongo wa mtaa mzima wakaanza kumwita fundi. Huyu amemwita atazame koki, yule sinki. Akanunua spana ya mtumba, akaanza kunyoa ndevu tena kila Ijumaa.

Na mimi nikaanza kulala vizuri. Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya ule mpira.

Nilitaka kuwa na uhakika kwanza, kwa sababu mtu hamvunji mumewe moyo kwa kubahatisha. Ijumaa hiyo nikakata vipande viwili vya mpira wa kumwagilia, nikaviziba chini kwa plastiki na waya, nikavijaza maji, nikavining'iniza ukutani karibu na bomba. Kimoja nikakitoboa kwa sindano nene karibu na chini. Baba Salma akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia mapambo.

Jana asubuhi kile kizima kilikuwa kigumu kama rungu. Kile chenye tundu kilikuwa kitupu, kinapindika mkononi bila taabu yoyote.

Maji ambayo hayapo hayagandi. Papa Nsimire aliyajua haya. Alilitoboa bomba kwa makusudi, chini shimoni ambako baridi haifiki, ili pampu ikizimwa maji yaliyobaki ukutani yashuke yarudi kisimani, na bomba lilale tupu. Halikuwa linavuja hata kidogo. Lilikuwa linafanya kazi yake, mpaka mume wangu akaja na tairi.

Nakiri hapa, maana ndiyo kazi ya shajara: nilitamani kunyamaza. Nilipiga hesabu zote za mtu mwoga. Fundi aje, aweke pampu mpya, lawama ziende kwenye uzee wa mashine. Lakini fundi angelifunua shimo, angeuona mpira, angecheka mbele ya watu wote. Na pampu mpya nayo ingenguruma bure asubuhi ya pili. Mama Nsimire angekuwa ametupa pesa zake, na Baba Salma angelijua jambo hili kutoka kwenye kinywa cha mtu baki. Ilikuwa Jumamosi tayari.

Nikaingia ndani. Nikaviweka vile vipande viwili mezani, mbele ya chai yake.

Akakishika kigumu, akakishika kilaini. "Hiki mbona hakina maji?"

"Nilikitoboa."

Akakipinda mkononi. Mume wangu ana mambo yake lakini si mjinga. Niliona jambo lenyewe likimfika polepole, kuanzia machoni mpaka mabegani.

"Eish," akasema. "Kile kitundu."

Akavaa kofia, akatoka. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, akavuka, akapotea. Nikalia kidogo, na sina haya kusema. Nilijiambia kimbelembele changu kimenikosesha mume mwenye raha, tena kwa ajili ya maji, wakati ningeweza kuchota kwa jirani mpaka baridi iishe. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Alirudi muda si mrefu. Alikuwa amekwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua wembe.

Akafunua mfuniko, akalala kifudifudi kwenye lile zege la baridi, akaukata ule mpira mwenyewe. Hakunitaka hata nimmulikie. Alipoinuka akaniambia, "Baki hapa," akaenda kugonga mlango wa jikoni wa Mama Nsimire. Sikubaki, bila shaka. Nilisimama nyuma ya mnara wa tangi.

"Mama, pampu yako ni nzima," nikamsikia. "Ni mimi. Kile kitundu alikiweka mzee, mimi nikakiziba nikidhani natengeneza. Nisamehe. Usimlipe yule fundi."

Mama Nsimire hakuelewa. Akatoka na shali yake, wakaenda pamoja mpaka shimoni, Baba Salma akamwelezea tena kwa mikono, maji yanapanda hivi, yanashuka hivi. Mama akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani alimsikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa kumwamini. Akasema haya, tungoje magharibi tuone.

Magharibi akawasha pampu. Maji yakapanda, tangi likajaa. Akaizima.

Mngurumo ukakatika. Kisha ukutani, juu kabisa, kitu kikaanza kushuka. Sauti ndogo ya maji yanayoteremka ndani ya bomba, taratibu, yakikoroma kidogo mwishoni, yakitua shimoni. Nilikuwa nikiisikia zamani, nakumbuka sasa. Tulipohamia hapa ilikuwepo kila jioni, sikuwahi kuitilia maanani.

Mama Nsimire alikuwa ameshika ukuta. Kiganja chote, kimekandamiza pale bomba linapopita.

"Iyo sauti," akasema. "Kila magaribi nilikuwaka naisikia, niko kwenye kitanda, mzee amezima pompe, anakuja kulala. Amekufa, sauti ikabakia. Tangu mwezi wa tano sikuisikia tena. Nikasema, basi, sasa mzee amekwenda kabisa."

Baba Salma akavua kofia. Alitaka kuomba radhi tena, nikamvuta shati. 

Jana usiku redio haikupiga kelele.

Leo asubuhi uani kulikuwa kweupe kuliko hata Alhamisi. Pampu ikawashwa, maji yakapanda mara moja. Nilipanda kwenye mnara nikachungulia yanavyoingia tangini: yanatoa moshi! Maji ya kisima, asubuhi ya barafu, yanatoa moshi kama chai. Chini huko kumbe kuna joto wakati wote, baridi ni yetu tu sisi wa juu. Hili nalo nitaliulizia, sijalimaliza.

Yule fundi ameambiwa asije. Mama Nsimire alipotoka kanisani alimleta mwanamume mmoja wa mtaa wa pili mwenye kisima chake, bomba nalo limeganda. Nilisubiri nisikie atamtambulishaje mume wangu. Akasema, huyu ni fundi, alikosea kwangu, akarekebisha mwenyewe, mwite bila woga. Baba Salma amekwenda naye na spana yake na wembe wake. Nimemwambia safari hii aulize kwanza kila tundu lilitobolewa na nani.

Nimesitisha kuandika kidogo, sasa naendelea. Jua limezama. Mama Nsimire alikuja mlangoni, amejitanda shali, akasimama pale akizungumzia baridi, akazungumzia bei ya mkate, akazungumzia baridi tena. Mwishoni akamuuliza Baba Salma kama anaweza kuwasha pampu.

Tangi limejaa pomoni, ameliona, sote tumeliona. Baba Salma akainuka. Akaenda akaiwasha, akahesabu kidogo, akaizima. Mama Nsimire alikuwa ameshaingia chumbani kwake na kuzima taa.

Sasa mume wangu yuko mlangoni anavua viatu. Kila siku anapiga kisigino kwenye ngazi mara mbili kabla ya kuvua, kwa miaka yote hii, na kila siku namwambia aache, atamwamsha Salma.

Leo sijamwambia. Nimekaa nasikiliza. Ni hiyo kweli sauti yake nitakayoitafuta siku moja akiwa hayupo, au kuna nyingine ambayo sijawahi kuitilia maanani?