Diplome ya Mpoyi mu Mufuko ya Unga

Gare ya Kolwezi, tarehe 12 juni 1994

Kwako mudogo yangu mpendwa Tshiela, kule Kitwe,

Moyo wenu bote. Ule mugongo uliacha kukuuma? Na bwana yako, na batoto, banakula muzuri? Sisi tuko bazima. Bwana yangu, tata Muamba, anakohoa kidogo asubui, lakini bado anacheka. Tunalala hapa gare, mu stesheni ya treni, tangu batu ba Katanga batufukuze mu nyumba, banasema turudi kwetu Kasai, kule bazazi betu balitoka. Mi nilizaliwa Kolwezi, Kasai siijui hata kwa picha. Lakini leo sikuandikie juu ya kulia.

Mutoto wetu Mpoyi iko université mu Japon. Soma tena, usifikiri nimekosea. Mu hii gare yote muko mama moja tu mwenye mutoto Japon. Njo mi.

Unajua alikuwa Kinshasa kwa mujomba yake. Alijaza makaratasi ye peke yake. Ba-Japonais bakamujibu kama yote ni muzuri, lakini alete diplome yenyewe ya sekondari, si photocopie, mbele mwezi iishe. Na diplome ilikuwa kwangu. Juu ya kuogopa bezi ba hapa, niliifunga mu plastiki, nikaizika ndani ya mufuko ya unga, ule nalalia kama muto. Sikumwambia mutu.

Padri Kitenge wa parokia yetu akapata nafasi mu ndege ya Kinshasa, anaondoka kesho yake, akakubali kuibeba. Mi nikaenda kwanza kuoga, nionekane mama ya mwanafunzi. Kurudi, mufuko haiko. Kumbe jirani yetu mama Simone alifiwa na mama yake mukongwe ile asubui, na tata Muamba, ule moyo wake unaujua, alibeba mufuko muzima akaupeleka ku kilio, kama desturi yetu inavyotaka. Kitu kikishaingia ku kilio, utarudi kukiomba kwa uso gani?

Basi nikaingia na kulia. Nililia kupita batoto ba marehemu. Kisha nikanyanganya bamama mwiko, nikasema bukari ya leo napika mi. Sahani kwa sahani nilichota ule unga, nikapikia batu karibu makumi nane, mikono imekufa, mupaka bidole bikagusa plastiki. Nainua macho, mama Simone ananiangalia.

“Ndaya, nilikuwa nasema unapenda mama yangu kupita sisi batoto yake. Kumbe unatafuta karatasi.”

Nikamueleza yote. Ye mwenye kilio akacheka, akanifuta unga ku uso na kitenge chake.

“Kimbia kwa padri. Mama yangu alishakula yake. Mutoto bado.”

Diplome ilifika na unga mu mikunjo yake, na ba-Japonais baliikubali vile vile.

Sasa ni miezi mbili iko kule. Anaandika kama mwanzo ulikuwa mugumu. Samaki banakula mubichi, na ile luga anaisema kama mutoto wa miaka mbili, ye mwenye alikuwa wa kwanza mu classe. Na analala chini, ku mukeka. Hapo nilicheka: hata sisi tunalala chini, na hatukufanya examen.

Lakini sikia hii. Siku moja alimupa profesa kazi yake. Akaitoa na mikono mbili, akainama kidogo. Profesa akashangaa, kwa sababu bageni bengine banafundishwa hiyo na bado banasahau. Akamuuliza ni nani alimufundisha. Mpoyi akajibu: “Ni mama.”

Nilisoma hilo neno mara saba. Unakumbuka nilivyomupiga kofi juu alimupa nkambo yake muzee maji na mukono moja? Ulinigombeza siku nzima. Sasa ona.

Mama Simone anakusalimia, hata chef de gare, ule mwenye sura ya chuma. Ye njo alianza kuniita Mama Japon. Nisalimie shemeji, nibusie batoto, Josée na badogo yake. Mungu alinde mulango yenu, asiwaonyeshe ile alituonyesha sisi, isipokuwa ile ya mwisho, hii furaha ya Mpoyi.

Banasema treni itakuja hii juma. Tunaenda Mwene-Ditu, kule hatujue mutu hata moja. Ukinijibu, usihangaike na adresi. Andika tu: Mama Japon, gare ya Mwene-Ditu. Kabla ya barua kufika, bote batakuwa bamekwisha kusikia.

Ni mi mukubwa yako mwenye kukupenda,
Ndaya, mama ya Mpoyi