Juisi ya Mchungaji

Fisksätra, Uswidi, Jumapili, Oktoba 1975

Dafrosa, salamu baadaye. Ladislaus amemmiminia mchungaji maji ya ziwa. Kwenye glasi ya wageni!

Ni sampuli ya maabara yetu, kutoka ziwa la chumvi ambalo maji yake ya chini hayachanganyiki kamwe na ya juu. Friji ya kazini imeharibika, nikaleta chupa mbili nyumbani. Humo mna vijidudu vinavyotumia salfa, ndiyo maana maji yana rangi ya waridi. Hewa ikiingia, sampuli imekufa. Profesa alisema, "Zikiharibika zote, kazi huna."

Mume wangu akaona ni juisi ya choya.

Akafungua. Harufu ya mayai viza, nyumba nzima.

Mchungaji akaitazama glasi. "Asante, baba. Leo nimefunga."

Amefunga, Dafrosa! Mkononi ana paja la kuku. La pili.

Ladislaus ananiuliza, "Mama Agripina, mbona hukuandika?" Niliandika. Kwa Kiswidi.

Chupa ya pili nimeikuta frijini nyuma ya maziwa, haijaguswa. Kazi ninayo. Nimeiandika SUMU, kwa Kiswahili, nikairudisha palepale.

Tangu hapo Ladislaus anakunywa chai ya rangi. Maziwa hayagusi.