Jiwe la Kaka Yangu

Jumapili, 12 Juni 1994

Mama kaanza tena. Wiki ijayo Baba anapelekwa nyumba ya wazee, mjini Galway, na kabla hajaondoka Mama anataka aonyeshwe alipozikwa kaka yangu. Kaka! Alikufa kabla padri hajafika kumbatiza, basi makaburi ya kanisa yakamkataa. Baba akambeba jioni kwenye kisanduku, peke yake, hadi magofu ya monasteri kule kilimani. Ndivyo ilivyokuwa: baba anazika, mama haulizi. Sasa Mama anauliza, na kichwa cha Baba ni gunia lililotoboka.

Jumatano, 15 Juni

Nimewapeleka. Mvua tupu. Baba akachangamka! Akatuonyesha mtakatifu alipopiga magoti hadi mwamba ukabonyea, na kisima kilichohama kwa hasira baada ya mwanamke kufulia nguo humo. Hakukosea hata kimoja. Mama akamsubiri amalize, kisha akamwita kwa jina.

"Feisti, yote hayo unayajua. Mwanangu ulimlaza wapi?"

Baba akamwuliza, kwa adabu kabisa, yeye ni mama wa nani.

Nikageukia ukuta.

Ijumaa, 17 Juni

Nimemwuliza jirani yetu, mzee Coleman. Anasema mawe ya watoto kule magofuni hayana maandishi, kila baba alijua lake tu. Akanipa pole. Nimechoka na pole.

Jumamosi, 18 Juni

Naandikia garini, nje ya ukuta wa magofu. Mama kachagua leo kwa sababu Ireland inacheza na Italia — wote wako kwenye televisheni, hakuna wa kututazama. Jua bado lipo.

Tulipoingia tu, Baba akainama kwenye jiwe dogo jeupe. "Hapa, Baibín. Nilimlaza kichwa upande wa bahari."

Kamtaja Mama kwa jina! Mama akapiga magoti, akalikumbatia lile jiwe. Nikalia. Nikarudi garini niwaache peke yao.

Kelele huko kijijini — goli, nadhani.

Sasa namwona Baba kasogea. Kainama kwenye jiwe jingine. Dirisha liko wazi, namsikia: "Hapa, Baibín. Nilimlaza kichwa upande wa bahari."

Mama kamtazama kitambo. Kainuka, mkono kiunoni. Kamfuata. Kapiga magoti tena.

Baba keshaelekea la tatu.